Kidole cha Mama

Mashine ilimkataa mama mara tano. Nilimshika mkono mwenyewe, nikamfuta kidole kwa upindo wa kanga, nikakibonyeza kwenye kile kioo kidogo, na kila mara ikalia mlio wake wa kukataa. Mama amechuma chai Ikuti tangu kabla sijazaliwa. Ncha za vidole vyake zimelika kama kipande cha sabuni, mistari yote imekwisha. Kijana wa kusajili laini za simu alimpa pole, akasema serikali inataka alama za vidole, bila hizo laini inafungwa.

Sasa laini ikifungwa, hela ya chai ingeingia wapi? Kiwanda kilikuwa kimeshaacha kuwalipa wakulima dirishani. Dirisha lenyewe lilikuwa langu, kwenye benki hapa Tukuyu mjini, na mimi ndiye niliyetumwa kuwaambia kwamba habari ya foleni imekwisha, kila kitu ni simu na wakala. Niliwaambia kwa moyo wote. Mungu anisamehe, niliamini.

Nikamshauri mama asajili laini kwa kidole cha kaka. Mimi kanuni za kazini zilinikataza kusimamia hela za ndugu, na mimi kanuni nazipenda kama mjinga. Kaka ni mzaliwa wa kwanza, ana kibanda cha uwakala Bulyaga, na kidole chake kina mistari yote. Mama aliniuliza kama hela itabaki yake. Nikamwambia, "Ni yako peke yako, mama." Kaka alibonyeza mara moja tu, mashine ikakubali, na mama akaiambia "ndaga", akiishukuru kama mtu. Tulicheka sana.

Alikuwa na jambo moja moyoni: kulijenga kaburi la baba kwa saruji. Baba alikuwa amelala pembeni ya migomba chini ya udongo mtupu, na mvua za Rungwe mnazijua, kila msimu zinasawazisha tuta. Kwetu mke aliyeacha kaburi hivyo anasemwa. Kwa hiyo alisubiri malipo ya mwisho wa msimu, na fundi alishakuja kupima.

Malipo yaliingia asubuhi, na dakika hiyohiyo yakatoka. Mama alikuja benki, akapanga foleni kama wengine wote, na alipofika kwangu akaipitisha simu chini ya kioo.

Nilifungua mfumo nikaona mkopo wa simu. Mifumo hii inakukopesha kwa kutazama hela inayopita kwenye laini yako, na kwenye laini ile ilipita ya mama, mwezi kwa mwezi, bila kukosa. Uaminifu wake ndio uliompa kaka kiwango kikubwa vile. Alikopa akaongezea floti ya kibanda, ile hela ya kuhudumia wateja, kamisheni za mawakala zikapunguzwa, kibanda kikayumba, na chai ilipolipwa mfumo ukakata chake. Meneja alitazama, akasema hakuna kosa lolote. Mwenye laini alikopa, mwenye laini amelipa.

Nikampigia kaka. Alisema alitegemea kurudisha kabla mama hajashtuka. Halafu, bila haya, akanikumbusha ni nani aliyempeleka kubonyeza kidole. Nilimtukana tusi ambalo sijawahi kumtukana mtu, nikakata simu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hapo alisema kweli.

Na benki nayo ikanigeuka. Wateja niliowafundisha kutokuja hawakuja tena, kwa hiyo dirisha langu likafungwa. Nikapewa kishikwambi nisimame mlangoni, nifungulie watu akaunti kwa kuwapiga picha ya uso, maana siku hizi uso unatosha.

Nilimwita mama awe wa kwanza. Alisimama mbele ya kishikwambi na kanga yake ya kanisani, na uso wake ukakubaliwa mara moja. Wenzangu wakapiga makofi. Mama hakucheka.

"Na huu uso ni wangu peke yangu," aliuliza, "au nao nitagawana na kaka yako?"

"Ni wako peke yako, mama."

Alijitanda kanga vizuri, akaniangalia bila hasira.

"Ndivyo ulivyoniambia siku ile ya kidole," akasema, akatoka kuwahi gari la Ikuti.