Siku Mama Alipopiga Vuruvuru

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi dukani, hakuna mtu Butembo aliyenunua vuruvuru. Uliitengeneza mwenyewe au ulikaa bila. Uliokota kifuniko cha chupa nyuma ya nganda, pale wanaume walipokunywa bia, ukakilaza barabarani, kisha ukakaa pembeni kwenye vumbi jekundu kungoja lori la kwenda Kasindi likikanyage. Lori likishapita, kifuniko kilikuwa bapa kama hostia. Ulikitoboa matundu mawili kwa msumari, ukapitisha uzi wa nailoni uliochomolewa kwenye gunia, ukafunga ncha zake. Halafu ulishika uzi kwa mikono miwili, ukazungusha mpaka usokotane, ukavuta, ukalegeza, ukavuta tena. Kifuniko kilizunguka hadi kikapotea machoni, na sauti ikatoka: vuuru, vuuru.

Jina lilitoka kwenye sauti hiyo, na kwa muda mrefu halikuwa na maana nyingine. Siku hizi linafanya kazi nyingi kuliko kifuniko chenyewe. Mojawapo ya kazi hizo ilianzia sebuleni kwetu, Jumapili moja mchana, nami nilikuwepo.

Kwetu Wanande mtoto huzaliwa jina likiwa linamngoja. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu. Mimi ni Mbambu. Ukisikia jina langu unajua kwamba wasichana watatu walinitangulia, na unaweza kukisia kwamba siku niliyozaliwa shangazi zangu walikunja uso kidogo kabla ya kupiga vigelegele. Mvulana anayekuja baada ya wasichana huitwa Muhindo, yaani aliyegeuza mambo. Baba alikaa na jina hilo mdomoni miaka mingi bila mtoto wa kulivaa.

Mama alipopata mimba ya tano, mukaka alihamia kwetu. Mukaka ndilo neno letu la bibi. Huyu alikuwa mama yake baba, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa ya kulima, ambaye simkumbuki akiketi bila kufanya kazi. Alikuja kumsaidia mama, na alikuja pia kuilinda mimba. Mama hakupaswa kusimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Hakupaswa kula ndizi zilizoungana. Na palipo na mwanamke mjamzito, mtu hasokoti kamba.

Mchana mmoja mama alikuwa kwenye mkeka uani akichagua maharage, nami nikipiga vuruvuru mbele yake. Alipenda sauti ile. Mukaka akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mbambu! Acha hiyo kintu. Uko unasokota kamba mbele ya mama yako, unataka kitovu kifunge mutoto shingo?"

"Mukaka, hii ni uzi ya gunia tu."

"Na kitovu ni nini? Si kamba tu?"

Mama akacheka. "Mumuache, Mama. Mutoto wa ndani naye anapenda musiki."

Mukaka hakucheka. Alisimama pale mpaka nikaiweka mfukoni. Akarudi jikoni, nami nikangoja kidogo, kisha nikaitoa tena. Naandika hili bila kujitetea. Nilikuwa mtoto, mchezo ulikuwa mzuri, na mama yangu alikuwa anacheka.

Muhindo alizaliwa katika msimu wa mvua. Aliyeleta habari ni Masika, dada yangu mkubwa, akipanda mlima kutoka kwenye wodi ya wazazi huku kandambili zimejaa tope.

"Ni mwanaume!" akapiga kelele kutoka barabarani. Majirani wakaanza vigelegele. Alipofika uani akashusha sauti, akaleta lakini yake kwa Kifaransa. "Mais kitovu kilimuzunguka shingo. Alitoka mweusi kama bilinganya. Mukunga alifanya kazi mpaka mutoto akalia."

Vigelegele vikakatika. Mukaka alikuwa anamenya ndizi. Aliniangalia tu, na mpaka leo sijui kama macho yale yalikuwa ya hasira au ya hofu. Kisha akaja polepole, akaingiza mkono mfukoni mwangu, akaitoa vuruvuru, akaifunga ndani ya jani la mgomba na kuiweka juu ya kabati. Ilikuwa ni kama anaifunga maiti.

Mama alirudi nyumbani na mtoto aliyekuwa hai, lakini kwa shida. Alikuwa hanyonyi. Alikuwa akilia kwa sauti nyembamba kama paka aliyefungiwa mahali, kisha anachoka na kunyamaza, na kimya chake kilikuwa kinatutisha kuliko kilio. Mkunga alimwonyesha mama kukamua maziwa na kumpa kwa kijiko. Watu wakaja kuona mtoto, wakaleta kuku na mihogo, na wakiondoka walinipita bila kuniita jina.

Jumapili baada ya misa wakaja wa upande wa baba. Aliyetangulia alikuwa Tantine, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa ameolewa Eringeti na aliyesafiri siku nzima ndani ya lori. Alikuwa mtu wa kusaidia watu. Mvua ya mawe ilipoharibu shamba letu, yeye ndiye aliyetulisha. Ndiyo maana alipoongea watu walisikiliza.

"Tuseme wazi," alisema, akiwa ameshaliweka lile jani la mgomba mezani, mbele ya wote. "Mama yetu alikataza. Mutoto hakusikia. Na kitovu kimefunga Muhindo shingo, vile vile alisema. Mi sina kusema kama ni ndoki. Mais kuko mutu anatumiaka batoto. Donc, basi, Mbambu anaenda na mimi Eringeti. Kule kuko chumba ya maombi. Batamufungisha njaa, batamuombea, mpaka aseme nani alimutuma. Atarudia Muhindo akishatembea."

Ndoki ni mchawi. Neno hilo nililijua. Vyumba vile vya maombi pia nilivijua: katika mtaa wetu kulikuwa na msichana aliyetolewa kimojawapo, na hakuongea tena na watoto wenzake.

"Yaya," baba alimwambia, kwa neno letu la dada mkubwa, "mutoto anasoma."

"Masomo itamungojea."

Baba akaangalia viatu vyake. Baba yangu alikuwa mtu mwema, nalisema bila kejeli. Katika maisha yake yote hakunipiga. Lakini mchana ule alikuwa na mtoto wa kiume aliyemngoja miaka mingi, na mtoto huyo alikuwa anapumua kwa taabu, na mtu wa kuaminika alikuwa anamwonyesha njia. Alikuwa anachagua, na alichagua kwa kunyamaza. Nilikuwa nimekaa sakafuni kati ya Biira na Kabugho. Kabugho alikuwa amenishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma, na sikutaka auache.

Ndipo mama akatoka chumbani.

Alitembea kama wanavyotembea waliotoka kujifungua, akishika ukuta. Alikuwa na Muhindo kifuani ndani ya kitenge. Hakuwasalimu wageni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Alimlaza mtoto kwenye mkeka katikati ya sebule, akamfunua tumbo ili kila mtu aone kitovu ambacho bado hakijaanguka, kisha akachukua lile jani mezani na kulifungua.

"Mama Masika," Tantine alisema kwa upole, "weka hiyo chini."

Mama akapiga magoti kwa shida. Akaingiza vidole kwenye uzi, akavuta. Kifuniko kikaning'inia tu. Akavuta tena, uzi ukajifunga fundo. Hakuwa amewahi kuipiga maishani mwake. Alikuwa msikilizaji tu.

Sijui nani alinipa sauti. "Mama," nilisema, "uzungushe kwanza."

Watu wote wakanigeukia. Mama akanisikiliza mimi peke yangu. Akafungua fundo, akazungusha, akavuta. Vuuru. Akalegeza, akavuta. Vuuru, vuuru, juu ya uso wa mwanawe, karibu kabisa, mpaka nywele zake laini zikawa zinapeperuka.

"Yesu wangu!" Tantine akaruka. "Papa Masika, mukamate! Anaua mutoto!"

Baba akasimama, lakini hakusogea. Mukaka alikuwa ameziba macho kwa kiganja. Mama aliendelea, jasho likimtiririka, mpaka Muhindo akakunja pua na kupiga chafya.

Chafya ndogo, ya kawaida. Jirani mmoja karibu na mlango akaanza kucheka, akajizuia.

Mama akaiacha sauti ife yenyewe. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, akimwangalia Tantine:

"Voilà. Sasa ni mimi nimepiga. Bote mumeona. Kama anakufa, mutanipeleka mimi Eringeti, mutanifungisha njaa mimi. Mbambu, kesho anaenda kusoma."

Hakukuwa na kanuni ya kumhukumu mama mwenye mtoto mchanga aliyefanya kitu kile kile kilichokatazwa, mchana, mbele ya ukoo mzima. Tantine alichukua mkoba wake akaenda kulala kwa jirani. Keshoye nilivaa sare yangu ya bluu na nyeupe nikaenda shule, na jioni nilirudi nyumbani kwetu.

Muhindo hakupona kwa muujiza, na sitaki kumpa mtu yeyote muujiza wa kuhadithia. Aliendelea kulishwa kwa kijiko. Kitovu kilianguka. Baadaye akaanza kunyonya, kwanza vibaya, halafu kwa uchoyo. Leo ni mwanaume mnene anayependa mpira na anayechelewa kila mahali.

Neno nalo likatoka nje ya nyumba yetu likiwa limebadilika. Kwanza lilikuwa tusi. Wanawake wa upande wa baba walituita nyumba ya vuruvuru, maana yake nyumba isiyosikia wakubwa. Shuleni nikaitwa Vuruvuru, na nilipigana mara kadhaa kabla ya kugundua kwamba nalipenda jina hilo. Kisha likawa neno la pikipiki kuukuu zinazopanda milima ya mji zikiwa na mihogo nyuma. Nilipoajiriwa kufundisha Beni nilikuta watoto wanalitumia kwa ndege zisizo na rubani zinazozunguka juu ya mji, zinapolia wanainua vidole na kusema, "Vuruvuru hiyo, inatuangalia." Hata kichwa kinachouma kwa wasiwasi, hapa wanakiita hivyo. Katika mji uliopitia miaka ya vita na mauaji, neno la namna hiyo halikosi kazi.

Lakini kuna maana moja niliyoikuta katika soko la Beu, hapa Beni, ikanifanya niweke kikapu chini. Muuza sombe mmoja, yaani muuza kisamvu, alikuwa anamsimulia mwenzake jinsi mume wa marehemu dada yake alivyotaka kumfukuza mpwa wake nyumbani, akidai mtoto huyo amekula bahati ya familia.

"Na weye ulifanya nini?"

"Nilimupigia vuruvuru, ma chère. Mu kiwanja yake, mbele ya bantu yote. Mutoto iko kwangu sasa, analala."

Kumpigia mtu vuruvuru: kumkatalia waziwazi, mbele za watu, na kuuweka mwili wako mahali pa yule anayeshtakiwa. Yule mama alikuwa kijana. Sidhani kama aliwahi kuona kifuniko kwenye uzi. Nilinunua sombe yake nikaenda zangu.

Likizo iliyofuata nilikwenda Butembo, na tulipokuwa tunamenya maharage nikamuuliza mama kama hakuogopa siku ile.

"Niliogopa mubaya. Maziwa ilikauka siku mbili. Usiku niliweka sikio ku pua yake kila saa. Hata mi nilikuwa naamini ile mambo ya kamba, unajua? Nusu nusu. Mais nilikuwa na batoto batano, hapana mumoja."

Akaniambia pia jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza. Mukaka alizika watoto wawili kabla ya baba yangu kuzaliwa, wote wawili kitovu shingoni. Hakuna aliyempa sababu. Basi alitafuta mwenyewe, akapata kamba, na kwa maisha yake yote yaliyobaki akawa analinda kila mimba dhidi ya kila uzi. Nilipolijua hili, macho yale ya siku ya bilinganya yalibadilika kidogo kichwani mwangu. Simfutii kosa lake, lakini siwezi kumchukia. Aliyefiwa bila sababu huikamata sababu iliyo karibu, na mara nyingi iliyo karibu zaidi ni mtoto.

Watu wanaoijua hadithi hii husema mama alishinda kwa sababu Muhindo aliishi. Mimi mwenyewe nimeisimulia hivyo, kwa sababu wasikilizaji hutulia wanapofika hapo. Lakini mama hakujua kwamba ataishi. Alipopiga magoti alikuwa na mtoto anayeweza kufa usiku ule, na imani nusu kwamba sauti ile itamuua, na bado alikataa kumnunua mmoja kwa mwingine. Kwa hiyo hii ndiyo hesabu yangu, niliyokawia kuifikia. Hata kama Muhindo angekufa wiki ile, mama angekuwa sawa. Na mimi nisingekuwa nimemuua.