Muziki wa Polepole Nyumbani kwa Shangazi

Kaseti ya kwanza iliniunguzia blauzi. Nilikuwa napiga pasi ya mkaa sebuleni kwa shangazi, Jumamosi mchana, na nilikuwa nimebonyeza kitufe cha redio-kaseti bila hata kutazama nimeweka nini. Zikatoka sauti za wanaume wengi wakiimba kwa pamoja, hawana haraka, hawana ngoma, neno moja linavutwa mpaka unasahau lilianzia wapi. Sikuelewa chochote. Lakini mabega yangu, ambayo tangu nihamie Gisenyi yalikuwa yamepanda karibu na masikio, yakashuka yenyewe. Niliposhtuliwa na harufu, pasi ilikuwa imeshatoboa kitambaa. Blauzi ilikuwa ya kazini, na za kazini nilikuwa nazo mbili tu. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kaseti zilikuwa sita, ndani ya boksi la viatu. Alinipa mwanamke mmoja wa Kizungu ambaye shirika lake lilikuwa ua moja na ofisi yetu, siku alipokuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Mimi nilikuwa karani wa kupiga chapa, na mara kwa mara nilimchapia barua zake. Aliniambia ni muziki wa kupumzisha kichwa, unasikiliza umelala, hufanyi kitu kingine. Nilimshukuru kwa adabu, moyoni nikisema heri angeniachia lile sufuria lake kubwa.

Kumbe nilikuwa na njaa nisiyoijua. Miaka ile vilima vya kaskazini havikuwa na utulivu. Watu wa Busasamana na Kanzenze walikuwa wakishuka mjini na magodoro kichwani, na sisi wa mjini tulifunga milango mapema. Ofisini, mlango ukipigwa na upepo nilikosea herufi, nikaanza ukurasa upya. Basi jioni nilijifungia chumbani na boksi langu. Kulikuwa na wale wanaume walioniunguzia blauzi, kumbe watawa wa kiume. Kulikuwa na filimbi ya Kihindi, na wanawake wa nchi fulani ya milima waliotoa sauti kali kooni hadi nywele zinasimama. Kulikuwa na nyuzi za Afrika Magharibi zinazodondoka moja moja, na mawimbi ya bahari yamechanganywa na kinanda. Ya sita ilikuwa na vinanda vya kupigwa kwa upinde, virefu, vinajaa taratibu na kupungua taratibu, bila sauti ya mtu. Hiyo ndiyo niliipenda kuliko zote. Betri zikichoka nilizianika juani kwenye dirisha zikapata nguvu ya siku moja zaidi, na kaseti nilizirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili nisizimalize betri.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya shangazi, dada wa baba yangu. Baba alikimbia nchi akiwa kijana, akaoa Karagwe, akanizaa huko Tanzania, akafia huko. Shangazi yeye hakuondoka. Aliolewa hapa hapa, na mwanamume mwenye mtumbwi aliyevusha mizigo ziwani. Hawakujaliwa mtoto. Nilipokuja kumtafuta, baada ya vita, mumewe hayupo, ndugu hawapo, nikamkuta yeye peke yake kwenye kiti. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuchekesha, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, mimi changu cha shule, yeye chake cha Gisenyi. Nilipomwamkia shikamoo alicheka mpaka akashika ubavu. Alinikubali siku ile ile.

Nimesema nilimkuta kwenye kiti, na sikusema hivyo kwa urembo. Shangazi hakuwa analala kitandani. Kitanda alikuwa nacho, kikubwa, cha mbao nzuri, kimetandikwa kama cha mgeni. Yeye alikaa kwenye kiti cha mbao kinachotazama mlango, viatu miguuni vimefungwa kamba, na usingizi ulipomshinda alisinzia hapo hapo, kidevu kifuani. Miaka miwili niliyokuwa naye sikumwona amejinyoosha hata siku moja. Miguu ikaanza kuvimba. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nesi wa zahanati alimgombeza vizuri, kisha akanivuta pembeni mimi.

"Huyu mama lazima alale, miguu juu ya mto. Akiendelea kukaa, ile maji itapanda, moyo itachoka. We ndiye iko naye. Fanya namna."

Fanya namna! Nilikuwa nimeshabembeleza, nimeshanuna, nimeshaficha hata hicho kiti, akakaa juu ya gunia la maharagwe. Sasa nikaona nimepata dawa. Kama muziki ule umeyashusha mabega yangu mimi, mtu wa hasira za karibu, utamshindwaje mama mtaratibu namna ile? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami nikajiona ndiye mgeni mwenyewe.

Nilichagua Jumapili, baada ya misa na chakula. Nilifungua madirisha, upepo wa ziwa uingie. Nilitia betri mpya kabisa, nikaweka kaseti ya sita, ile niipendayo, nikaongeza sauti mpaka mwisho ili imfikie vizuri. Kisha nikaenda kumtandikia mto kitandani, nikiwa nimejaa tabasamu.

Niliporudi sebuleni shangazi alikuwa amesimama. Alikuwa ameshajifunga kitenge cha pili kiunoni, mkoba wake uko begani, na mkono mmoja ameukandamiza ukutani.

"Nani amekufa?" aliniuliza.

"Hakuna aliyekufa, shangazi. Ni muziki tu."

"Nani amekufa? Redio inasema nini?"

Kabla sijajibu, nikasikia beseni limeanguka nje. Jirani yetu, mama anayeuza sambaza, alikuwa amewaacha samaki wake juani kwenye mkeka, anaingiza watoto ndani mmoja mmoja kwa kuwavuta mikono. Ng'ambo ya njia mtu alikuwa anafunga madirisha. Mzee mmoja alikuja hadi kizingitini kwetu, amevua kofia, akauliza kwa sauti ndogo kama tumesikia ni nani. Nilikimbilia redio nikaizima. Kimya kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu wote walibaki wananitazama, wakisubiri niwaambie.

Nilitoa kaseti nikaiinua juu waione. "Ni kaseti," nikasema. "Si redio. Ni kaseti yangu, ya kupumzikia." Sijawahi kuona aibu kama ile. Yule mzee alivaa kofia yake akaondoka. Muuza sambaza akasogea, akaitazama kaseti, akanitazama mimi.

"We ulikuwa Tanzania," alisema. Hakusema kwa ubaya. "Donc, ndio maana hujue. Ile asubui redio zote zilikuwa zinafanya hivi. Muziki ya polepole, muziki ya polepole, hakuna mutu anaongea. Kisha wakasema kila mutu abakie kwake."

Asubuhi ile ya mwezi wa nne, rais ameuawa usiku na mauaji yanaanza, mimi nilikuwa Karagwe nachuma kahawa. Tulisikia habari, tulilia, lakini muziki hatukuusikia. Na hata kwetu Tanzania redio ikibadilika ghafla watu huulizana nani ametangulia, kwa hiyo ningeweza kujumlisha moja na moja. Sikujumlisha. Nilimchukua mwanamke ambaye miaka yote ametega sikio kuelekea mlangoni, nikampigia, kwa sauti ya juu na madirisha wazi, kitu kile kile alichokuwa anakisubiri. Nilimsaidia jirani kuokota sambaza wake. Nilipita nyumba hadi nyumba kuomba radhi, na wengi walinisamehe kabla sijamaliza sentensi, jambo lililoniumiza zaidi. Usiku huo shangazi hakusinzia hata kidogo. Boksi la viatu nikalisukuma juu ya kabati, nikaapa kutoligusa tena.

Hazikupita wiki mbili. Nilitoka kazini mapema kwa kichwa kuuma, nikapitia mlango wa jikoni, nikasikia watawa. Wanaimba kidogo, wananyamaza. Kidogo tena, kimya. Nikachungulia. Shangazi alikuwa kitini pake, redio-kaseti mapajani, kidole kwenye kitufe. Alibonyeza, akasikiliza ameinamisha kichwa, akazima. Akainuka na miguu yake mizito hadi mlangoni, akatazama njia, kushoto, kulia. Watu walikuwa wanapita na mizigo yao kutoka Petite Barrière, mpakani na Goma, kama siku zote. Akarudi, akakaa, akabonyeza.

Nilitaka kuingia na kumwambia chochote, maana mdomo wangu haujui kukaa bure. Safari hii nikauuma. Nilitoka tena nje, nikakaa juu ya kuni.

Hiyo ikawa kazi yake ya kila siku. Hakunificha, ila hakunieleza. Alianza na watawa, kwa sababu walikuwa Wakatoliki kama yeye, ingawa alisema hawa mapadri wanaimba kama watu hawajakula. Filimbi ya Kihindi ilimfurahisha. Wale wanawake wa mlimani aliwasikiliza kwa heshima kubwa, akatoa hukumu kwamba wanagombana na wakwe. Mawimbi ndiyo yaliyomkasirisha.

"Hii iko maji," alisema. "Mutu ameweka maji ndani ya kaseti! Ziwa iko hapa, bure. Bazungu!"

Safari za mlangoni zikapungua. Mwanzo aliinuka kila dakika, baadaye kila wimbo, baadaye alinyanyua shingo tu. Muuza sambaza alikuja siku moja akakaa nasi na beseni lake, akasikiliza zile nyuzi za Afrika Magharibi zote, upande wa kwanza hadi wa mwisho, akasema zinamkumbusha mvua kwenye mabati. Akaomba zirudiwe. Mimi nilikuwa napata matumaini na kuyakanyaga, maana shangazi alisikiliza yote hayo akiwa ameketi, na viatu bado vimefungwa, na miguu imejaa mpaka ngozi inang'aa. Nesi alikuwa ameanza kunisema mimi kama mtoto mkaidi.

Kaseti ya sita hakuigusa. Iko ndani ya boksi, anaihamisha achukue nyingine, anairudisha.

Ilikuwa Jumamosi, mvua imetoka kunyesha, nachambua mchele. Aliichomoa mwenyewe, akaitia, akapunguza sauti, akabonyeza. Nikaacha mchele. Vile vinanda vikaanza kujaa. Nilimtazama kidole, kilikuwa juu ya kitufe, lakini hakikubonyeza. Hakuinuka. Hakutazama njia. Upande mzima ulipita, karibu nusu saa, jasho linamtoka kwenye paji la uso nami nalia kimya kimya bila kujua ninalilia nini, mpaka sauti zikapungua, zikaisha, kitufe kikaruka chenyewe.

"Ile asubui mi niliipenda," akasema.

"Uliipenda nini, shangazi?"

"Muziki. Ya redio." Alikuwa anaongea na mashine, si na mimi. "Bwana yangu alikuwa amesimama pale ku mulango, amevaa koti. Akasema, twende kwa mtumbwi, tuvuke Goma. Mi nikamwambia, ngoja kidogo. Hii kitu iko muzuri, kaa, tusikilize mupaka iishe. Akakaa. Alikuwa ananipenda, akakaa."

Niliweka ungo wa mchele chini.

"Haikuisha. Ilikuwa inaenda, inaenda. Saa tulitoka, njia ilikuwa imefungwa. Mi waliniacha muzima. Yeye, hapana."

Kutoka mlango ule hadi majini unafika kabla chai haijachemka. Nilikuwa napita hapo kila siku kwenda kuteka maji. Miaka miwili nilidhani shangazi anakaa macho kwa woga, na nilimhurumia kama mtu mwoga, na nyakati nyingine, Mungu anisamehe, nilimchoka. Kumbe hakuwa anaogopa. Aliomba dakika chache za kupumzika siku ile, na tangu hapo alijinyima nyingine zote.

"Hii ya kwako imeisha," akasema, akagusa redio kwa kiganja. "Nimesikia ikiisha."

Kisha akainama, akahangaika na kamba za viatu. Nilipiga magoti nikamsaidia, kwa sababu vidole vyake havikufika. Nilimshika mkono hadi chumbani. Kitanda kililia alipokikalia. Akajilaza taratibu, kwa ubavu, akajisogeza hadi akagusa ukuta, akajikunja pale kwenye ukingo, na nafasi yote iliyobaki ikawa wazi.

"Jinyooshe, shangazi," nikamwambia. "Kitanda ni chako chote."

Macho alikuwa ameshayafumba.

"Acha," akasema. "Yeye analalaka upande ya mulango."

Niliweka mto chini ya miguu yake. Ule upande mwingine sikuugusa.