Rangi ya Mvi

Juzi nilifungua kwenye simu ukurasa wa kwaya ya usharika wetu wa Kihesa, na harufu ya makoti yaliyonyeshewa ikanirudia puani. Siku ile, nikiwa mtoto, nilijibanza kwenye stesheneri iliyojaa watu waliokimbia mvua. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa amemwinamia kijana wa kompyuta, anaamrisha jinsi ya kuupanga ukurasa huo. Jina lake lilikaa katikati, jekundu, limekolezwa, kubwa kuliko jina la Mungu.

"Na mtunzi wa nyimbo?" kijana aliuliza. Aliyezitunga zote ni mama yangu.

"Huyo mama? Muweke chini kabisa. Herufi ndogo, za kijivu."

Nilifurahi mno. Kwa akili yangu ya utoto, kijivu ilikuwa rangi ya mvi, rangi ya watu wa kuheshimiwa. Nilikimbia kwenye matope hadi nyumbani.

"Mama, wamekuandika kwa rangi ya wazee!"

Mama alikuwa akipukuchua mahindi. Hakuinua uso, ila punje zilianza kuanguka kwenye beseni kwa kishindo.

Leo kutengeneza kurasa za mtandao ndiyo kazi yangu. Kumpoteza mtu hakuhitaji kumfuta: unapunguza herufi zake, unazipa rangi inayokaribiana na ya ukurasa, basi.

Aliyenifanya niufungue ukurasa ule ni mwenyekiti mwenyewe, yuleyule hadi leo. Alinipigia simu.

"Mwanangu, hebu nirekebishie. Jina langu halionekani vizuri."

"Usijali, mzee," nilimjibu. "Nitakuweka kijivu. Kwa heshima ya mvi zako."