Litungu la Mjomba

Juzi, kwenye foleni ya mpakani Busia, nilimwona msichana mwenye kidude cheusi nyuma ya sikio. Mama yake alinieleza kuwa kimeshikizwa kwenye mfupa wa kichwa, na sauti hupitia mfupani hadi ndani ya sikio.

Nikamkumbuka dada yangu Athieno, aliyezaliwa matundu ya masikio yameziba. Alasiri moja kule Mwello, karanga zikinukia jikoni, mjomba alikuwa akipiga litungu, nyuzi zikivuma. Athieno akainama, akauma mti wa litungu, macho ameyafumba.

Nilidhani anatafuna kama muwa.

"Mama! Athieno anakula litungu!"

Mama alimchapa. Hakulia kwa fimbo. Alilia litungu lilipoondolewa. Likatundikwa ukutani, asikofika. Mimi ndiye niliyepanda kigoda kulitundika.