Nshikie Spana

Usinambie nimeota. Mtu haoti saa sita mchana, kasimama sokoni Darajani, jua linamchoma utosi na jasho linamwingia machoni. Haya yamenifika mie mwenyewe, na mke wangu Mwanakhamis yuko hai, nenda kamuulize. Ila akikutolea spana dirishani kabla ya kukufungulia mlango, ishike. Kwa nini, nitakwambia.

Marehemu baba alituachia trekta kuukuu, kubwa kwa umri kuliko mie, na shamba la mpunga bonde la Cheju. Pembeni mwa shamba kuna kichaka ambacho baba hakukigusa maisha yake yote. Akilima, hukizunguka. Alikuwa na mambo yake yule mzee: mgeni yeyote akimsogelea pale shambani, kabla hajazungumza naye humnyooshea spana, "Nshikie hii." Mie nikidhani anatafuta wa kumbebea vyombo.

Mwaka huu nikaapa kichaka nakilima. Mawingu ya masika yalishaanza kufunga, na bonde likijaa maji trekta haliingii tena. Ukichelewa, mwaka mzima nyumbani hamna mpunga. Basi napanda, nawasha, kimya. Betri imekufa.

Nikaenda Darajani kwa muuza betri mmoja, Hafidh. Sasa mie si mtu wa kudanganywa. Najua betri mbovu huoshwa, ikapakwa rangi, ikabandikwa karatasi mpya. Na trekta la zamani lina masharti yake: pahala pa kukalia betri ni pembamba, waya mmoja ni mfupi, kwa hiyo kichwa cha chanya lazima kiwe kushoto, na betri iwe na nguvu ya kuzungusha injini nzito, si ya kigari cha kutembezea watalii. Hafidh akanitolea ya kwanza. Nikaigeuza, nikaitikisa, nikainusa.

"Hiyo imepakwa rangi," sauti ikasema karibu na sikio langu.

Nikageuka. Mtu wa makamo, kanzu nyeupe, mikono kaifunga nyuma. Uso wake kama niliwahi kuuona, sikumbuki wapi. Nikasema moyoni, na huyu naye kaja kunitapeli. Lakini nikaitazama betri tena, na pembeni nikaona doa la rangi. Niliona, au nilitaka kuona?

Ya pili akasema imekaa dukani miaka. Ya tatu akasema inavuja. Hafidh akachoka. "Yakhe, mchagua jembe si mkulima! Mita hii hapa, pima mwenyewe." Nikapima, mita ikasema zote nzima. Lakini niamini, mwenye shaka akipata wa kumwambia "usimwamini huyo," humwamini yeye papo hapo. Nikamwita Hafidh mwizi mbele ya watu, nikamfuata yule wa kanzu.

Akanipitisha vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka kwenye kibaraza kimoja kitupu. Pale chini pana betri, imeviringishwa gunia, na kando yake taa ndogo na waya. Akanielekeza niiunge betri na taa kwa ule waya, ikawaka mpaka nikafumba macho. Wembamba ndio, kichwa cha chanya kushoto. Nikasema hii ndiyo yenyewe.

"Nshikie upande huu, nzito," nikamwambia.

"Nna udhu," akajibu, mikono bado iko nyuma.

"Na malipo yako?"

"Tutaelewana shambani."

Adhuhuri ilikuwa ikiadhiniwa. Nikahangaika na gunia langu, na nilipoinua kichwa yeye anakwenda zake, msikiti kaupa mgongo. Ndani ya gari la abiria la kurudi shamba ndipo akili ikanijia: mie nilimwambia saa ngapi kama nna shamba?

Nikaifunga betri kwenye trekta, nawasha, kimya. Nikafungua vifuniko nitazame maji yake. Hamna maji. Mna udongo, wallahi, udongo mweusi wa bondeni, mbichi, na vikonokono ndani yake.

Mwanakhamis akauliza swali moja tu. "Alishika nini?"

"Nani?"

"Huyo mtu wako. Alishika chuma chochote?" Nilipotikisa kichwa, akapiga makofi. "Ole wako! Mtoto mchanga twamwekea kisu chini ya mto kwa nini? Jini hashiki chuma. Baba yako alijua nani anakaa kichakani, ndiyo maana ya ile spana yake!"

Kesho yake nikarudi kwa Hafidh, uso chini, nikamwomba radhi. Akanisamehe, akanipa ile ile betri ya kwanza. Kisha akacheka. "Leo pacha wako umemwacha wapi?"

"Pacha gani?"

"Yule wa jana mwenye kanzu. Mmefanana mpaka hicho kidoti cha shavuni."

Nikakaa juu ya betri.

Trekta likawaka kwa mara moja. Nikalima shamba lote kabla maji hayajaingia, nikafika kichakani. Mwenye busara angezunguka kama baba. Mie zikanipanda hasira: anichezee mimi, kisha nimwogope? Nikaingiza jembe la trekta, mstari mmoja. Ndani ya kichaka mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi changu mwenyewe, nakijua. Nikarudi kinyumenyume, sijagusa tena hata jani.

Mpunga tumevuna, sikufuru. Lakini juzi, mchana kweupe, nimekaa ndani, Mwanakhamis anakuna nazi, tukasikia hodi. "Mwanakhamis, nifungulie." Sauti yangu! Mke wangu akanitazama mie, akautazama mlango. Akainuka, akachukua spana, akaipenyeza kwenye nondo za dirisha. "Nshikie hii."

Haikushikwa. Kisha, kwa upole, "Nna udhu, mke wangu."

Nawe uliye na shaka kama mie, nisikilize. Anayekupinga sokoni hana neno, huyo ni muuzaji tu. Mwogope anayekubaliana nawe kila kitu, na kabla hujamfuata mpe chuma ashike. Usione haya.

Mie siku hizi nikirudi kwangu nabisha hodi kama mgeni, nasubiri spana itoke dirishani. Naishika kwa mikono miwili, nashukuru. Maana siku nitakayobisha na spana isitoke, nitajua kuna mtu keshaingia, kakaa kwenye kiti changu.