Zeri ya Mama

Dada aliyekaa mbele yangu kanisani leo amejipaka zeri ya kuchulia maumivu; harufu imenifikia, nami nimeinamisha uso kama siku ile ya utotoni, kule kwetu Musonoi. Walikuwa wanamchagua Tata, baba yangu, aongoze waumini wa mtaa wetu. Pasta alisema Biblia inataka mtu asiyepiga watu, anayetunza vizuri nyumba yake, kisha akamgeukia Mama.

“Mama, Tata iko namna gani ku nyumba?”

Mama alisimama taratibu, kitenge amekivuta mpaka shingoni. “Iko mutu muzuri, Pasta.”

Watu wakasema amina. Mimi nikainamisha uso.

Tulipotoka, Tata alinishika shavu kwa furaha. Kiganja chake kilinuka zeri. Asubuhi alikuwa amemkanda Mama mgongo uliovilia damu, polepole, akimwambia, “Usimame muzuri mbele ya batu.”