Neno Lililobaki Hospitali

Kaka yangu ni seremala, na watu wanamwita Fundi Pua. Si kwa ukubwa wa pua, ingawa hapo pia Mungu hakumnyima. Ni kwa sababu kila ubao ulipoletwa karakana alikuwa akikata ncha kidogo, anainusa pale pale ilipokatwa, na kujua kama umekauka. Ukiwa mbichi alisema neno moja tu, "Bado," akaurudisha kwenye rundo na kuuandikia tarehe kwa chaki. Ubao wa bado aliugeuza na kuunusa tena kila mwezi, hata mwaka mzima. Mimi, mdogo wake wa kike, ndiye ninayepiga msasa na vanishi, na mara nyingi nilimgombeza kwa kuwachelewesha wateja.

Miaka mitatu iliyopita tundu la kushoto la pua yake liliziba. Akalaumu vumbi. Lilipoanza kumtoa damu, nikamburuta hospitali. Wakachukua kinyama kidogo, wakakipima, na siku ya majibu niliingia naye.

"Bado si kansa," daktari alisema.

Akatueleza taratibu kwamba uvimbe wenyewe kwa sasa si mbaya, ila una tabia ya kuota tena ukishatolewa, na kwa mmoja hivi kati ya wagonjwa kumi huja kugeuka kansa. Angeukata wote, kisha kaka arudi kuchunguzwa kila miezi mitatu, baadaye kila miezi sita, kwa miaka mingi, hata kama hasikii maumivu.

Nyumbani mama alitungojea mlangoni, ameshika kitasa.

"Si kansa, mama," kaka akamwambia.

Mama akakaa chini pale pale, akalia kwa furaha. Mimi nilikuwa nyuma yao. Lile neno la kwanza la daktari nililisikia vizuri kabisa, na nikanyamaza, sikutaka kumkatiza mama raha yake. Mpaka leo sijajisamehe.

Kaka alifanyiwa upasuaji, akapona, pua ikarudia kazi yake. Alikwenda kuchunguzwa mara mbili. Mara ya tatu kulikuwa na oda ya madawati. Ya nne akasema mtu mzima hapeleki pua isiyouma kwa daktari kama mtoto wa chekechea. Nikacheka. Kusema kweli, hata mimi nilikuwa nimechoka na foleni.

Mwaka huu mteja alirudisha kabati. Milango ilikuwa imejipinda, haifungi. Wiki iliyofuata likarudi jingine. Mbao zilikuwa mbichi, na kaka ndiye aliyezipitisha. Nikaokota kipande alichokata asubuhi ile, kina unyevu hata kidole kinausikia, nikampa anuse. Akanusa kwa muda mrefu.

"Kimekauka," akasema.

Nikamwuliza tundu limeziba tangu lini. Akajifanya anatafuta penseli, na penseli iko sikioni. Mwishowe akasema tangu mwaka jana. Hakutaka mama aanze kulia upya. Ndipo nilipomtazama vizuri nikaona jicho la kushoto limesukumwa mbele kidogo. Tunaonana kila siku, na sikuwa nimeliona.

Daktari alikuwa yule yule. Hakutukaripia, na afadhali angetukaripia. Alisema uvimbe ulirudi, ukageuka, na sasa umefika kwenye ukuta wa jicho. Watajaribu kukata, kisha mionzi, lakini hakuahidi kitu. Kaka akamwuliza ingekuwaje kama angekuja ile mara ya tatu. Daktari akafunga faili.

Tuliporudi mama alikuwa mlangoni tena. Safari hii kaka alimpita, akaniachia mimi nimweleze, nikamweleza.

"Si walisema si kansa?" mama akaniuliza.

"Walisema bado, mama. Hilo neno hatukukuletea."